Chungu cha insulini: miezi kumi na minne ya kukitumia na binti yangu

Mwezi wa tano mwaka jana nilitoa shilingi 14,000 sokoni hapa Dodoma nikapewa vyungu viwili vya udongo, kikubwa cha kiasi cha ndoo ya lita ishirini na kidogo kinachoingia ndani yake. Humo ndimo binti yangu anamoweka insulini mpaka leo. Tumevitumia kiangazi kizima, mvua zikaja zikaisha, na sasa kiangazi kingine kimeanza, kwa hiyo ninayoyasema hapa nimeyaona mwenyewe. Namwandikia mzazi mwenye mtoto wa kisukari aina ya kwanza ambaye hana friji, au anayo lakini umeme ukikatika anakaa anahesabu masaa.

Kazi yake ni ileile ya mtungi wa maji. Unatandika mchanga safi kama vidole vinne ndani ya chungu kikubwa, unakalisha kile kidogo juu yake, unajaza mchanga pembeni mpaka karibu na mdomo, kisha unaumwagia maji mchanga huo asubuhi na jioni. Juu unafunika na kipande cha gunia kilicholowana na kifuniko cha udongo. Udongo unatoa jasho, upepo unalikausha lile jasho, na kadiri linavyokauka ndivyo joto linavyotoka. Mwalimu mmoja wa Nigeria, Mohammed Bah Abba, alipewa tuzo ya Rolex mwaka 2000 kwa kuwatengenezea wakulima vyungu vya namna hii vya kuhifadhia mboga. Sisi tunaweka chupa mbili tu: inayotumika na ya akiba. Chupa zinakaa ndani ya kopo kavu la plastiki lenye kifuniko, maana tulipoziweka wazi karatasi ya jina ilibanduka ndani ya wiki, na chupa ya insulini isiyo na jina wala tarehe siithubutu.

Kabla ya hapo insulini yetu ilikaa kwenye friji ya jirani kwa miaka mitano.

Binti yangu aligundulika na kisukari akiwa na miaka tisa. Jirani yangu, mama mwema kabisa, ndiye aliyesema mwenyewe, "Leta dawa ya mtoto hapa, friji yangu haizimwi." Mungu ambariki, hajawahi kutudai hata shilingi ya umeme. Kila siku saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni mtoto anavuka uwanja, anabisha hodi, anachukua chupa, anakuja kuchoma, anairudisha. Akiwa mdogo alikwenda anarukaruka. Mara moja chupa ilisukumwa nyuma, ikagusana na sehemu ya barafu ikaganda. Insulini ikishaganda haifai tena hata ikiyeyuka, ni ya kutupa, na tuliitupa huku natetemeka kwa sababu ilikuwa tarehe 20 na kliniki ilikuwa mwezi unaofuata. Ila hilo lilikuwa jambo la mara moja. Lililotuumiza lilikuja polepole, nami sikuliona.

Alipoingia kidato cha kwanza alikuwa na miaka kumi na minne. Jioni sebuleni kwa jirani kunakuwa na vijana wa pale na rafiki zao, wanaangalia mpira, na friji iko kona ya mwisho, lazima upite mbele yao wote. Siku moja mmoja akamwuliza, "Wewe kila siku unakuja kuchukua nini?" Mwingine akajibu kabla yake, "Anajidunga huyo." Wakacheka. Mnajua neno hilo linasemwa kwa watu gani. Binti yangu hakuniambia. Aliendelea kutoka jioni, akazunguka nyuma ya nyumba, akakaa kidogo, akarudi. Asubuhi alichoma, kwa sababu asubuhi kule kulikuwa na mama mwenye nyumba peke yake. Jioni hakuchoma.

Mwezi wa tatu nilimkuta anatapika, anahema kwa nguvu kama aliyekimbia, na mdomo unanuka kama matunda yaliyoiva yakapitiliza. Mashine ya kupimia sukari haikutoa namba, iliandika HI, yaani imepanda hadi mashine haiwezi kusoma. Alilazwa siku tano. Nesi wa kliniki yetu ya watoto aliniomba nitoke nje kidogo, akakaa naye, na alipotoka aliniambia bila kunilaumu, "Mama, dawa anaijua, vipimo anavijua. Anachoshindwa ni kubisha hodi."

Mimi nilikuwa nafikiri ugumu wa ugonjwa huu kwa mtoto ni sindano na kukatazwa soda. Miaka mitano nilimfundisha kuviringisha chupa ya insulini mchanganyiko viganjani bila kuitikisa, kuhamisha mahali pa kuchoma ili pasiote uvimbe, kula ndani ya nusu saa. Yote aliyashika. Wala sikumwuliza hata siku moja safari ya kwenda kuchukua dawa inakuwaje.

Nesi huyohuyo ndiye aliyenipa wazo la chungu. Nilimpinga: si tumeambiwa insulini ni ya friji? Akanieleza vizuri. Chupa za akiba ya miezi ni za friji, nyuzi 2 mpaka 8. Chupa iliyofunguliwa, ile ya kutumika, inaweza kukaa nje kwa muda wa kama wiki nne mradi isipigwe na joto kali wala jua. Akanisimulia habari ya Dagahaley, kambi ya wakimbizi ya Dadaab kule Kenya. Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walipima joto ndani ya nyumba za wakimbizi, likawa linapanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Wakaiweka insulini kwenye joto la kupanda na kushuka hivyo kwa wiki nne, na nguvu yake ikabaki sawa na ya ile iliyokaa kwenye baridi. Matokeo yalitolewa mwaka 2021. "Kwa hiyo," akasema, "ukiweza kuishusha chini ya thelathini, huyu mtoto hana haja ya friji ya mtu." Akakubali chupa zetu za akiba zikae kliniki, tuwe tunachukua mbili mbili.

Sasa vyungu vyenyewe. Nilianza vibaya, na nataka mwenzangu asirudie. Chungu cha kwanza nilinunua barabarani kwa wauza vyungu vya maua, shilingi 10,000, chekundu, kinang'aa, kizuri kweli. Tukakijaza mchanga, tukamwaga maji, siku tatu nje kikavu kama sahani. Kilikuwa kimepakwa rangi ya mafuta. Matundu yote ya udongo yamezibwa, jasho litoke wapi? Ndani joto lilikuwa lilelile la chumbani. Sasa kimepandwa mchaichai.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kwa bibi mfinyanzi anayeteremka na vyungu vyake kutoka kijijini. "Mbukwenyi, Bibi," nikamsalimu, akaitika, tukaulizana hali. Nikamwonyesha chungu cha kupikia nilichokipenda kwa unene wake. Akaniuliza nataka kuweka nini. Nikamwambia dawa ya mtoto isiyotaka joto. Akanitoa mkono kwenye kile chungu. "Hicho cha ugali na mboga, mwanangu. Dawa inataka cha maji." Akanieleza kwamba cha maji udongo wake unachanganywa mchanga zaidi na hauchomwi sana, ndiyo maana kinavuja jasho. Akajaribu mbele yangu: akamwaga kata ya maji ndani, tukazungumza habari za mvua, na kabla hatujamaliza tumbo la chungu lilikuwa limebadilika rangi kwa unyevu. Nilichukua hapo hapo. Kikubwa 10,000, kidogo 4,000, mchanga wa mtoni nikapewa bure na fundi ujenzi wa mtaani. Kipimajoto kidogo cha ukutani nilinunua 6,000, na hicho nakuomba usikiache. Bila kipimajoto unabahatisha, na dawa hii si ya kubahatisha.

Binti yangu alifungua daftari. Kila siku saa tisa alasiri, joto la chumbani na joto la chunguni, mstari kwa mstari. Nyumba yetu ni ya bati bila dari. Mwezi wa kumi, kukiwa na ule upepo wetu mkavu wa Dodoma, chumbani iliandikwa 34 na chunguni 25. Siku nzuri kuliko zote tofauti ilifika nyuzi kumi. Mwezi wa pili, mvua zimeshika na hewa nzito, chumbani 30, chunguni 27. Haikuwahi kupita 28 ila siku mbili tulizosahau maji. Siku hizo daftari lina alama nyekundu aliyoiweka yeye mwenyewe, si mimi.

Hapo ndipo chungu kilipofanya kazi nisiyokinunulia. Dawa ilikuwa yake, chumbani kwake, chini ya dirisha linalopitisha upepo. Hakuna hodi. Wiki ya kwanza nilizoea kuuliza kila jioni, "Umechoma?" naye ananijibu kwa kukunja uso, nanyi wenye watoto wa umri huo mnaujua uso huo. Kisha nikagundua kwamba kifuniko cha udongo kinapovutwa kinatoa mlio, krrr, unaosikika mpaka jikoni. Nikaacha kuuliza. Najua mlio wa kifuniko si ushahidi, kwa hiyo tulikubaliana: Jumapili baada ya kutoka kanisani tunakaa pamoja tunafungua kumbukumbu za mashine ya kupimia na kuziangalia wiki nzima, na siku nyingine sizungumzii sukari mpaka yeye aanze. Kwake hilo la kutoulizwa lilikuwa kubwa kuliko nyuzi zote za joto.

Alikipa chungu jina. Nesi aliwahi kumwambia kwamba mtu wa kwanza kutibiwa kwa sindano ya insulini alikuwa kijana wa miaka kumi na minne, Leonard Thompson, kule Toronto, Kanada, mwezi wa kwanza mwaka 1922. Umri wake kabisa. Kwa hiyo chungu kikaitwa Leonard. Akiwa kwa rafiki zake na saa imekaribia anasema, "Ngoja niende kwa Leonard." Sikulijua jambo hili mpaka mama mmoja wa mtaani aliponivuta pembeni dukani, sauti ya chini, kwamba nimwangalie binti yangu, kuna kijana anaitwa Leonard anamfuata kila jioni saa kumi na mbili. Nilirudi nyumbani moyo unanidunda. Nikamwuliza. Akanishika mkono akanipeleka chumbani, akakionyesha chungu.

Sikucheka, kwa sababu yeye alianza kulia. Alisema alikuwa radhi wafikiri ana mvulana kuliko wajue ana chupa na sindano. Tulikaa chini pale sakafuni karibu na chungu mpaka giza likaingia. Mwisho alichagua mwenyewe rafiki wawili, wasichana wa darasa lake, akawaleta nyumbani siku ya Jumamosi, akawafunulia kifuniko akawaambia kila kitu: dawa ni ya nini, sukari ikishuka anakuwaje, anatetemeka, anatoa jasho, anaweza kuongea ovyo, na kwamba hapo apewe kitu cha sukari haraka, soda au glukosi vijiko vitatu kwenye maji, wasubiri dakika kumi na tano wapime tena, na kama hawezi kumeza wasimlazimishe, wamwite mtu mzima. Mmoja wao sasa anatembea na pakiti ya glukosi kwenye mkoba wake wa shule. Mwezi wa tisa, kipindi cha mwisho, sukari ya binti yangu ilishuka hadi 3.1 darasani, na mwalimu wa zamu alidhani anasinzia. Aliyenyanyuka ni yule msichana.

Je, sukari imekuwa nzuri? Kile kipimo cha wastani wa miezi mitatu kilikuwa asilimia 12.1 alipolazwa. Mwezi uliopita kilikuwa 8.9. Daktari anataka chini ya 7, kwa hiyo safari bado ipo. Nisikidanganyie chungu sifa zisizo zake: dozi iliongezwa mara mbili mwaka huu, kwa sababu mtoto akibalehe homoni za kukua zinapingana na insulini, na siku zake zikikaribia sukari hupanda hata akila vilevile. Mwanzoni nilidhani ananidanganya chakula. Nimemwomba radhi kwa hilo.

Kasoro zipo, na ukinunua uzijue. Vyungu na mchanga uliolowa ni mzigo, ukishavipanga havihamishiki ovyo. Vinataka maji kama lita mbili kwa siku, na mtaani kwetu maji ya bomba yana zamu, kwa hiyo lipo dumu ambalo haliguswi na mtu kwa kufua wala kupikia. Maji yetu ya hapa yana chumvi: baada ya miezi minne tumbo la chungu liliota ukoko mweupe na ubaridi ukapungua, daftari likatuonyesha kabla macho hayajaona. Tuliondoa mchanga wote, tukakisugua kwa brashi na maji matupu, bila sabuni, tukakianika jua la siku mbili, tukabadilisha mchanga. Sasa tunafanya hivyo kila likizo. Sisimizi wanapenda ule unyevu, tukazungushia majivu. Na usikiweke kabatini au kona iliyofungwa kwa kuogopa watoto wadogo, bila upepo ni chungu tu.

Tena kisikuzoeshe kusahau tarehe. Siku chupa inapotoka kwenye friji ya kliniki, hata kama haijafunguliwa, tunaandika tarehe kwa kalamu ya wino mzito juu ya chupa, na wiki nne zikitimia inatupwa hata ikiwa imebaki. Insulini ile ya rangi ya maziwa ikiwa na mabonge yasiyoyeyuka ukiiviringisha, au imeshika kama unga ubavuni mwa chupa, isitumike. Na usiache friji kwa kusoma maneno yangu tu. Zungumza kwanza na kliniki yako, kama nilivyozungumza mimi na yetu.

Kwa watu wa Dodoma, Singida, Shinyanga na kwingine kwenye hewa kavu, nakipa nyota nne na nusu kati ya tano, hiyo nusu nimeitoa kwa ajili ya ukoko wa chumvi. Mwombe mfinyanzi cha maji kisichopakwa chochote, na mdomo wa kile kidogo upitishe ngumi yako. Kwa watu wa pwani siwezi kutoa nyota hizo, na nimejaribu.

Mwezi wa nne likizo binti yangu alitaka kwenda kwa bibi yake Tanga. Tangu augue alikuwa hajalala nyumba nyingine zaidi ya usiku mmoja. Bibi mfinyanzi alitufinyangia viwili vidogo vya kusafiri. Tulivipakata kwenye basi kutwa nzima, chupa tukaifunga kwenye mfuko wa plastiki, juu yake kitambaa kibichi, ndani ya pochi yangu na si buti la basi, maana kule joto linaua dawa. Tulipofika mvua za masika zilikuwa zimeshika na nguo hazikauki kambani. Tukavipanga barazani. Sebuleni nyuzi 31, chunguni 29. Kesho yake vilevile. Jasho la chungu lilikaa tu pale juu, hakuna hewa kavu ya kulichukua. Ni chini ya thelathini, ndiyo, lakini kwa nywele, na mimi usiku sikulala vizuri. Kwa pwani tafuta njia nyingine, au kitumie kwa siku chache tu kama sisi.

Alikaa siku tisa bila mimi. Alichoma mwenyewe, alipima mwenyewe, alinitumia namba jioni kwa ujumbe wa simu bila kuombwa. Vile vyungu vidogo tuliviacha hukohuko vimsubiri mwezi wa kumi na mbili. Juzi mama mkwe alinipigia simu, tukaongea mengi, kisha akaniambia kwamba vyungu vya mjukuu wake viko salama barazani, na kwamba kila asubuhi akimaliza kufagia anavimwagia maji. Nikamwambia, "Mama, si havina kitu ndani?" Akasema anajua.